Fantasi Ligi ya Mabeshte: Kila Kitu Unafaa Kujua Kabla ya Msimu Wenu wa Kwanza (na Vile Yetu ya Umoja Ilikaribia Kuvunjika)

Kila Agosti kuna msee kwa grupu ya WhatsApp anatupa code, anaandika "ingieni kabla ya Ijumaa," na grupu inawaka. Kwa siku tatu kila mtu ni kocha. Mtu hata hajui offside anaeleza mahali Arteta alikosea. Halafu Disemba inafika, nusu yenu wamesahau password, na mwenye anaongoza anapost skrinshoti peke yake kama mwendawazimu.

Kama mwaka huu ndio mara yenu ya kwanza, hii ni yako. Tutapitia fantasi ni nini, ilitoka wapi, pointi zinahesabiwa aje, dedlaini kwa saa za Kenya, na mwisho ile kitu watu hawakuambiangi: pesa.

Mfano nitatumia ni ligi yetu. Tulianza Agosti 2024, wasee kumi, wote tumekulia Umoja, kati ya Innercore na Mutindwa. Siku hizi wengine wamehama, mmoja yuko Kitengela, mwingine yuko Qatar. Majina sitataja, wanajijua. Mmoja wao bado namdai ngiri tatu. Tutafika hapo.

Fantasi ni nini hasa?

Ni gemu ambapo unajifanya mwenye timu. Unachagua wachezaji wa ukweli, wenye wanacheza mechi za ukweli wikendi. Wakifanya vizuri uwanjani, wewe unapata pointi. Wakikaa benchi, unakaa nao. Mwisho wa msimu mwenye ako na pointi mingi ndiye mshindi.

Hapa kwetu wengi wanacheza Fantasy Premier League, ile ya ligi ya Uingereza. Ni bure. Unafungua akaunti kwa simu, unaunda timu, unaingia ligi kubwa ya dunia yote, halafu mnaunda yenu ndogo ya mabeshte. Msimu wa 2024/25 kulikuwa na zaidi ya timu milioni 11. Hao milioni 11 hawakuhusu. Wenye wanakuhusu ni wale kumi wenye watakucheka kesho kwa base.

Kitu moja iwe wazi: hii si kubet. Hakuna odds, na hakuna mtu anakata tikiti yako Jumapili usiku. Lakini mkianza kuchanga doo, mmeleta mambo yenu ya pembeni, na hiyo apu haijui na haitawasaidia.

Ilitoka wapi?

Haikuanza na mpira wa miguu, ilianza na besiboli. Mwaka wa 1960, mwalimu wa chuo Marekani anaitwa William Gamson alianzisha mchezo na walimu wenzake: kila mtu anatoa dola 10, anachagua wachezaji wa besiboli, mwisho wa msimu wanahesabu nani alichagua poa. Waliita Baseball Seminar. Jina ya kishule kabisa, ukiisikia huwezi shuku kuna chapaa inachangwa.

Mmoja wa wale walimu, Robert Sklar, alimpigia hiyo stori mwanafunzi wake, Daniel Okrent. Okrent akakaa nayo miaka. Mwaka wa 1980, yeye na mabeshte zake wakacheza msimu wa kwanza wa ligi yao, na wakaipa jina ya hoteli ya New York mahali walikuwa wanakula: La Rotisserie Française. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wengine wanaita huo mchezo Rotisserie.

Sasa imagine hao watu. Hakuna intaneti wala apu. Wananunua wachezaji kwa mnada, halafu wanahesabu kila kitu kwa mkono kutoka kwa magazeti. Na Okrent mwenyewe, buda wa fantasi yote, anajulikana kwa kutowahi kushinda ligi yake. So ukimaliza wa saba usilie.

Kwa mpira wa miguu, Mwingereza anaitwa Andrew Wainstein alianzisha kampuni ya fantasi mwaka wa 1991. Premier League yenyewe ikaleta gemu yake msimu wa 2002/03, na hiyo ndiyo tunacheza.

Hapo kuna kitu ya kujifunza: hii gemu ilianzia kwa meza ya mabeshte, kabla ya kampuni yoyote kuingia. Hata leo mkitaka mnaweza chukua kitabu cha mraba, mchague wachezaji wa Gor na Ingwe na timu zingine za ligi ya Kenya, mhesabu wenyewe kila Jumapili. Apu inasaidia tu hesabu.

Vile unaunda timu

Unapewa bajeti ya pauni milioni 100 za uongo. Unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3. Huwezi kuwa na zaidi ya watatu kutoka klabu moja, so ndugu yangu wa Arsenal, weka hiyo mapenzi kando kidogo.

Kila wiki unachagua 11 wa kuanza, wanne wanakaa benchi. Mwenye ameanza asipocheza hata dakika moja, mtu wa benchi anaingia automatic, kwa ile order umeipanga. Watu wa msimu wa kwanza hawapangangi benchi. Panga.

Halafu unachagua kapteni. Pointi zake zinahesabiwa mara mbili. Kuna pia naibu, anachukua hiyo nafasi kama kapteni hajacheza kabisa. Amini mimi, wiki nyingi ligi ya mabeshte inaamuliwa na kapteni tu, hiyo ingine yote ni mapambo.

Kila wiki unapewa transfa moja ya bure. Usipoitumia inawekwa, na unaweza kuziweka hadi tano. Ukitaka zaidi ya zile uko nazo, kila moja inakukata pointi nne.

Bei za wachezaji zinapanda na kushuka vile watu wananunua na kuuza. Lakini ukiuza mchezaji amepanda, unapata nusu tu ya faida. Ni kama kuuza simu Luthuli: bei yenye uko nayo kichwani si yenye utapewa.

Pointi zinahesabiwa aje?

Hizi ndizo za kushika:

- Kucheza chini ya dakika 60: pointi 1. Dakika 60 na zaidi: 2.
- Goli la straika: 4. La kiungo: 5. La beki: 6.
- Asisti: 3, kwa kila mtu.
- Timu isipofungwa, kipa na beki mwenye amecheza dakika 60 anapata 4, kiungo 1.
- Kipa akiokoa mara tatu: 1. Akidaka penalti: 5.
- Kukosa penalti: unakatwa 2. Kujifunga: unakatwa 2.
- Kadi ya njano: unakatwa 1. Nyekundu: 3.
- Kipa na beki wanakatwa 1 kwa kila magoli mawili timu imefungwa.
- Bonasi: watatu bora wa kila mechi wanagawana 3, 2 na 1.

Kuanzia msimu wa 2025/26 kuna pia pointi 2 za kazi chafu, kama kukata mipira na kuzuia mashuti. Beki anahitaji kufikisha 10, kiungo na straika 12. Hiyo imesaidia mabeki wale wa bei ya chini wenye hakuna mtu anajua sura zao.

Tufanye hesabu moja. Beki wako amecheza dakika 90, timu haijafungwa, ametoa asisti, lakini amekula njano. Ni 2 + 4 + 3 − 1, inakuwa 8. Ungekuwa umempa ukapteni, 16.

Na elewa hii: fantasi haioni uzuri. Unakumbuka bao la Victor Wanyama pale Anfield, Februari 2018? Lile kombora lilitufanya Wakenya wote tupige nduru? Kwa fantasi bao la kiungo ni pointi 5. Sawa tu na kiungo mwenye mpira umemgonga goti ukaingia.

Dedlaini kwa saa zetu

Hapa ndipo Wakenya wengi wanazikwa. Dedlaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya hiyo wiki. Kama mechi ya kwanza ni ile ya Jumamosi saa sita unusu mchana Uingereza, dedlaini yao ni saa tano asubuhi.

Tatizo ni kwamba Waingereza wanabadilisha saa mara mbili kwa mwaka, na sisi hatubadilishangi. Kutoka Agosti hadi mwisho wa Oktoba tuko mbele yao kwa masaa mawili, so hiyo dedlaini kwetu ni saa saba mchana. Kutoka mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi tuko mbele kwa matatu, inakuwa saa nane. Halafu Jumapili ya mwisho ya Machi wanarudisha, na Aprili dedlaini yako inarudi saa saba.

Sasa wewe umezoea saa nane miezi mitano. Jumamosi ya kwanza ya Aprili uko kwa mat umekwama Jogoo Road, unasema nikishuka nitabadilisha kapteni. Unashuka saa saba na robo. Imefungwa.

Na kukiwa na mechi Ijumaa usiku, dedlaini inakuwa Ijumaa hiyo hiyo: saa mbili unusu usiku wakati wa saa zao za joto, saa tatu unusu wakati wa baridi. Weka alamu. Usitegemee mazoea, angalia apu kila Alhamisi.

Chipu: silaha zako

Chipu ni nguvu za ziada. Ziko nne, na kuanzia 2025/26 unapewa seti mbili, moja ya nusu ya kwanza ya msimu na moja ya nusu ya pili. Ya kwanza usipoitumia kwa wakati wake, imeenda.

- Wildcard: unabadilisha timu yote bila kukatwa pointi, na mabadiliko yanabaki.
- Free Hit: unabadilisha timu yote kwa wiki moja tu, halafu inarudi vile ilikuwa.
- Bench Boost: pointi za benchi pia zinahesabiwa.
- Triple Captain: kapteni anahesabiwa mara tatu badala ya mbili.

Free Hit na Bench Boost weka za zile wiki ratiba imevurugika, mahali timu zingine hazichezi na zingine zinacheza mara mbili. Wildcard usiitumie kwa hasira Jumapili usiku. Lala kwanza.

Makosa yetu ya msimu wa kwanza

La kwanza lilikuwa langu. Msimu wa 2024/25 ulipoanza, Mohamed Salah alikuwa milioni 12.5 na Erling Haaland milioni 15. Nilichukua Haaland, nikasema Salah amezeeka, nataka kuwa tofauti. Haaland alinijibu vizuri, alipiga hat-trick mechi ya pili na ya tatu. Lakini Salah akaenda Old Trafford tarehe 1 Septemba, goli moja, asisti mbili. Nikamnunua kesho yake na maneno ya kujitetea. Salah alimaliza msimu na magoli 29, asisti 18 na pointi 344, rekodi ya gemu yote. Kuwa tofauti ni poa, lakini si kwa mtu kama huyo.

La pili: kukimbiza pointi za jana. Septemba 28, Cole Palmer alifunga Brighton magoli manne kabla ya hafutaimu. Jumatatu watu watatu kwa ligi yetu walikubali kukatwa pointi nane kila mmoja ndiyo wampate. Zile pointi 25 zake zilikuwa zimeshaenda kwa wenye walikuwa naye. Mchezaji unamnunua kwa sababu ya mechi zinakuja.

La tatu: roho. Beshte wetu mmoja wa United aliweka watatu wa United kila wiki, msimu mzima. United walimaliza nambari 15. Sina la kuongeza.

La nne ndilo kubwa: kuacha. Kufika Disemba, timu tatu kati ya kumi zilikuwa zimekufa. Wenyewe hawakuwa wamesema wametoka, waliacha tu kufungua apu.

Halafu kulikuwa na huyu wetu wa boda. Anapiga stage karibu na Mutindwa, Jumamosi ndiyo siku yake ya pesa, dedlaini ilikuwa inampita kila mara. Alimaliza wa kumi. Wa kumi, nyuma hata ya zile timu tatu zilizokufa. Lakini kila Jumapili usiku alikuwa anapost pointi zake kwa grupu, thelathini na mbili, ishirini na tisa, tukimcheka, na wiki ijayo anarudi. Mshike huyo mtu akilini.

Sasa tuongee doo

Tulichanga thao kila mtu. Ngiri kumi. Mshindi saba, wa pili tatu. Treasurer alikuwa yule kila mtu anaamini, mwenye hata mkienda kununua chapo ndiye anashika change. Pesa ikakaa kwa M-Pesa yake. Hakuna kitu tuliandika. Februari mtu mmoja akauliza kwa utani kama pesa iko, Treasurer akajibu na kidole gumba.

Mei 25, 2025, msimu ukaisha. Mshindi akawa dem mmoja wetu wa kutengeneza kucha, alinishinda kwa pointi 41, na alikuwa ameongoza tangu Januari. Mimi wa pili. Ile ngiri tatu nilikuwa nimeshaipangia, rent ilikuwa na balance na caretaker alikuwa ameanza kunisalimia kwa jina yote.

Dem akaandika kwa grupu, kwa heshima tu, akitaka yake. Tiki mbili za blue. Kimya. Jumatatu kimya. Jumanne, Treasurer akatoka kwa grupu.

Grupu ikalipuka. Mwizi, conman, kila kitu. Mimi pia niliandika yangu. Sitairudia hapa, lakini ilikuwa matusi ya mathe yake, zile tumezoea kurushiana tangu tukiwa class six.

Mwenye hakuandika kitu ni yule wa boda. Alikuwa hana hata shilingi ya kutarajia kwa hiyo pot. Aliwasha pikipiki akaenda mpaka Tena, kwa kina Treasurer, akamkuta amekaa. Usiku akatuma message moja: mathe yake alilazwa Machi, hospitali ikataka deposit usiku huo huo, ngiri kumi ikaenda huko, alidhani atairudisha kabla ya Mei, kazi ikakauka, akaogopa. Mathe ametoka lakini bado anaenda kliniki. Tukutane Jumapili.

Hakuna mtu aliandika kitu kwa kama saa nzima.

Jumapili tukakutana kwa kibanda ya chapo, sita wetu. Yule dem ndiye aliongea kwanza, kwa sababu saba ilikuwa yake. Alimwambia, "Ungetuambia Machi tungechanga ingine." Halafu wakakubaliana thao kila mwezi, kuanzia Juni. Mimi nilisema amalize yake kwanza. Alimaliza Disemba, hakuruka hata mwezi mmoja. Yangu ndiyo imebaki, na imeanza kuingia akilini kama savings.

Nilimwomba Treasurer msamaha kwa ile kitu niliandika. Alisema hakuiona, alikuwa ameshatoka kwa grupu. Lakini tunajua skrinshoti husafiri. Sijamuuliza tena.

Sheria za kuandika kabla ya mechi ya kwanza

Baada ya hapo tulikaa chini tukaandika sheria. Ziibe:

1. Pesa isikae kwa simu ya mtu mmoja. Tumieni akaunti mnaona wote, au mtu afungie kwa akaunti ya M-Shwari ya ku-lock na apost skrinshoti mwisho wa kila mwezi. Si kwa sababu mtu ni mwizi. Ni ndiyo asiwe peke yake na hiyo pesa siku shida inabisha.

2. Andikeni shida itafanywa aje. Yetu inasema: mtu akipata emergency anaweza omba pot, watu sita wakikubali anapewa, na anasema lini atarudisha. Ni chama tu, na mambo ya chama wamama zetu walijua kabla yetu.

3. Mchango uwe kitu hata yule ameumia zaidi anaweza poteza bila kulala njaa. Kama kuna mtu hana, acheze bure na asishindanie pesa. Usimtoe.

4. Gawanyeni zawadi ndiyo wa chini wasikufe. Kwa ngiri kumi: 4,000 kwa wa kwanza, 2,000 wa pili, 1,000 wa tatu, halafu 300 kila mwezi kwa mwenye amepata pointi mingi hiyo mwezi. Miezi ni kumi, Agosti hadi Mei. Hesabu inafika. Hata ukiwa wa mwisho Januari, Februari ni yako kama wengine.

5. Mkifungana pointi, mfuate sheria ya gemu: mwenye amefanya transfa chache ndiye juu. Msianze kubishana Mei.

6. Chagueni aina ya ligi mapema. Ile ya kawaida inajumlisha pointi zote. Ya ana kwa ana inawapanga wawili wawili kila wiki, ushindi ni 3, sare ni 1. Ya ana kwa ana inachangamsha, lakini unaweza piga pointi 80 na upoteze kwa mtu wa 81.

7. Mtu mmoja atume reminder kila dedlaini. Yetu inatumwa na wa boda. Ndiyo, yule yule. Sasa hakosangi.

8. Mtu akinyamaza wiki tatu, mpigie simu. Usitume emoji, piga.

So uingie ama usiingie?

Ingia. Wengine wetu tuliacha shule katikati, wengine walihama, wengine wamezaa, na bila hii ligi tungekuwa tunaonana kwa matanga tu. Kwa miezi tisa wasee kumi wana sababu ya kuongea kila wikendi, hata kama ni kutukanana kuhusu beki wa Brentford.

Lakini jua unaingia nini. Wiki 38 ni ndefu. Kazi itaisha, simu itaibiwa Outering, mtu atauguza mzazi. Mwanzo wa msimu mnadhani mnahitaji mtu anajua mpira. Katikati mnagundua mlihitaji mtu mwenye atafungua apu akiwa wa mwisho, na mwenye atawasha pikipiki aende Tena.

Treasurer yuko msimu huu pia. Hashiki pesa, alikataa mwenyewe. Wiki ya kwanza alinipita kwa pointi 19, na akapost skrinshoti.

Code zenu zikitoka, itisheni hizo sheria kwanza. Halafu mnunue kapteni.